Fundi Aliyebonyeza Nakubali

Kompyuta ilikuwa mpya, gundi ya boksi haikuwa imeguswa na mtu kabla yake, lakini fundi alipoiwasha saa nne asubuhi ilitoa harufu ya mafuta ya karafuu, yale ambayo wazee hujichua magotini. Akanusa feni, akanusa na mikono yake, akacheka peke yake. Huenda aliyeipakia huko ghalani alikuwa na maumivu ya viungo.

Fundi huyu alikuwa na mtindo wake, nami nitausema bila kumung'unya maneno. Kila kompyuta mpya aliiwasha mwenyewe kabla mteja hajafika. Yale masharti ya leseni, kurasa kwa kurasa, aliyateremsha mpaka chini bila kusoma, akaandika jina lake, akabonyeza Nakubali. Kisha aliifuta ile sehemu iliyofichwa ndani ya diski, ambayo mteja angeweza kuitumia kuifufua kompyuta yake mwenyewe ikigoma. Kwa hiyo ikigoma, mteja hana pa kukimbilia ila kwake. Mtaani walimwita Mzee wa Kufuta, na jina hilo lilimpendeza, mtu yule.

Safari hii masharti yalikuwa marefu kupita kawaida. Aliteremsha mpaka kidole kikachoka. Nakubali. Feni ikanyamaza, na mtu akashusha pumzi nyuma ya sikio lake. Dukani hapakuwa na mtu.

Hapo akamkumbuka mwalimu mstaafu, na alitamani asingemkumbuka.

Bibi yule alikuja mwaka jana akinukia karafuu, amekumbatia kompyuta aliyoinunua hapo hapo dukani. Ilikuwa imejifunga, inadai leseni yake haitambuliki. Ndani mlikuwa na sauti za marehemu binti yake, alizojirekodi akiwa mgonjwa.

"Fanya ufanyavyo, mwanangu, lakini sauti usiziguse."

"Hakuna njia, mama. Lazima nifute."

Njia ilikuwepo. Kuitoa diski na kunakili vilivyomo kungemchukua mchana mmoja tu, naye alikuwa mvivu. Akafuta. Bibi alifungua, akakuta patupu. Aliomba tu kiti akae kidogo. Mwezi haukuisha, akazikwa.

Sasa fundi alianza kusahau. Kwanza namba ya siri ya simu yake. Kesho yake, njia ya kwenda kwa mama yake mzazi. Kila kitu kilipomtoka, alisikia *tak*, kama kitufe kimebonyezwa ndani ya fuvu, na harufu ya karafuu ikapanda. Aliizima ile kompyuta, ikawaka. Aliichomoa waya, akaitoa betri, akaisukuma uvunguni mwa meza na kuifunika kwa turubai, na bado mwanga ukapenya pembeni, akainama, akalifunua turubai, akasoma kwenye kioo maandishi meupe yanayopanda taratibu: Sauti ya mama. Imefutwa. Siku ya harusi. Imefutwa. Na chini kabisa, mstari mmoja uliokuwa bado unasubiri zamu yake: Chiriku.

Chiriku ni binti yake wa miaka saba, aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo. Fundi alilia kama mtoto. Kingine chochote kiende, lakini si huyo.

Mkewe ndiye aliyemleta mganga, mchana wa jua kali. Mganga alifukiza ubani, akakohoa, akauinamia uvungu.

"Nani amekutuma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Spika za duka zima zikajibu kwa mnong'ono. "Sijatumwa. Nilikaa nyumbani kwa mwalimu tangu binti yake hajazaliwa. Ile sauti hata mimi niliizoea. Huyu akaifuta kwa uvivu wake."

"Toka, basi."

"Nimekaribishwa. Muulize mwenye duka."

Mganga akamgeukia fundi. "Ulimkubalia?"

"Nilibonyeza tu, mzee wangu. Kila siku nabonyeza!"

"Ulisoma?"

"Nani anasoma yale?"

Mganga akaanza kukusanya vyetezo vyake. "Jini aliyevamia namtoa. Huyu umemfungulia kwa mkono wako na jina lako ukaandika. Mwombe msamaha mwenyewe."

Fundi akapiga magoti, paji la uso sakafuni. "Nisamehe. Nichukulie macho, nichukulie mikono. Niachie mwanangu."

"Nirudishie sauti, nitakuachia."

"Siwezi. Nilishaifuta, hairudi."

"Najua hairudi," jini akasema, na alisikika amefurahi. "Nilitaka nikusikie ukisema."

Mke alimshika mumewe mabega, akapiga kelele, "Baba Chiriku, mfikirie! Mfikirie sasa hivi, usimwachie!" naye akafumba macho akaung'ang'ania uso wa mtoto, pengo la meno ya mbele, kovu la kidevuni, ule mkono mdogo unaonata kwa peremende ukiwa ndani ya wake barabarani, akaung'ang'ania mpaka jasho likamchuruzika puani, na vyote vikamponyoka kimoja kimoja mpaka hakujua tena alikuwa anang'ang'ania nini.

*Tak.*

Harufu ikakatika. Fundi alifumbua macho akajisikia mwepesi, amepumzika, hana deni na mtu. Mlangoni alisimama mtoto wa kike na begi la shule, anamtazama huku midomo ikimcheza.

"Baba?"

Fundi akatabasamu kwa adabu, akageuka nyuma kuona ni nani anayeitwa.