Vumbi la Sufi na Maktaba ya Mtaa

Asubuhi, jua lilipopenya dirishani, chumba kilijaa nyuzi za sufi. Zilielea polepole, kama zinaota ndoto. Fundi magodoro alipenda kuzitazama. Yeye aliushonea mtaa mzima usingizi, ndiyo maana watu walimwita Bwana Usingizi.

Kazi ilifanyika humo humo chumbani. Yeye alichambua sufi, ile pamba nyepesi ya kujazia magodoro. Mkewe alishona mifuko. Usiku walisukuma magunia pembeni, wakalala.

Lakini mkewe alikuwa anakohoa. Zamani aliimba akishona. Sasa kila wimbo ulikatika katikati, na kifua kilimbana.

"Ni mafua tu hayo, mke wangu," fundi alisema.

"Mafua gani haya yasiyojua kuaga?"

Fundi akatafuta dawa kwenye simu. Mmoja alisema tangawizi. Mwingine alisema kitunguu saumu. Wa tatu alisema ni husuda ya majirani, naye alikuwa na dawa ya kuuza.

"Tangawizi nimekunywa mpaka nanuka chai," mkewe alilalamika.

Wakati huo huo uliitishwa mkutano wa mtaa. Halmashauri ilitaka maoni. Je, maktaba ifungwe, ili fedha zake zichimbe mtaro wa maji ya mvua?

Fundi alisimama. "Kodi yetu inalisha mende wa kwenye vitabu! Nani anasoma siku hizi? Kila kitu kiko kwenye simu. Ifungwe!"

Watu walipiga makofi. Uamuzi ukaachwa hadi mkutano ujao.

Nyuma kabisa alikaa mkutubi, yaani mfanyakazi wa maktaba. Alikuwa jirani yao. Alikuwa akimsikiliza mke wa fundi akikohoa.

Walipotoka, mkutubi alimshika mwanamke huyo mkono. "Shoga, kikohozi hiki kinakuzidi wakati gani?"

"Tukichambua sufi. Nikienda kukaa kwa mama, kinatulia."

"Kesho njooni maktaba. Na shemeji aje."

Fundi aliona haya. Lakini mhitaji ni mtumwa. Akaenda.

Ndani palikuwa kimya, ila si kimya cha mahali patupu. Kurasa zilifunguka taratibu, kama ndege wanaojigeuza usingizini. Mzee mmoja alisoma gazeti huku akitikisa kichwa. Msichana alinakili mchoro wa ngazi. Fundi alijikuta ananyata, kama mtu aliyeingia kwenye ndoto ya wengine.

Mkutubi akaleta kitabu chenye picha, kinachoeleza vumbi la kazini.

"Mimi si daktari," alisema. "Lakini tazameni hapa. Nyuzi kubwa mnaziona. Vumbi dogo hamlioni, nalo ndilo linaloingia mapafuni. Mnafanya kazi ndani, mnalala ndani. Mnalivuta usiku na mchana."

"Tufanyeje?" fundi aliuliza.

"Hamishieni kazi nje, penye hewa. Vaeni barakoa. Msifagie pakavu, panguseni kwa kitambaa chenye maji. Na shoga yangu aende kliniki akapimwe. Kitabu hakipimi kifua cha mtu."

Fundi alikuna kichwa. "Simu yangu mbona haikuniambia?"

"Huenda ilikuambia, shemeji. Lakini simu ni soko. Anayejua na anayeuza wote wanapiga kelele. Hapa yupo mtu wa kukusaidia kuchagua."

"Basi nikinunue kitabu hiki."

"Ni ghali, nawe utakihitaji mara moja mbili. Ndiyo maana tumekinunua pamoja. Hata ukinunua sabuni, kodi imo ndani ya bei. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo."

"Kwa hiyo ni changu?"

"Ni chako, na cha jirani yako. Ila usikunje kurasa."

Fundi alijenga banda nyuma ya nyumba, wazi pande zote. Walivaa barakoa. Walipangusa chumba kwa maji. Kliniki, muuguzi alimpima mkewe, akampa dawa, akasisitiza yale yale: kaa mbali na vumbi.

Mkutano wa pili ulipofika, fundi alisimama tena.

"Ndugu zangu, ulimi hauna mfupa. Nilisema ifungwe, wakati sijawahi hata kupita mlangoni pake. Leo nasema ibaki."

"Na mtaro je?" mtu alipaza sauti. "Maji yataanza kuingia kwako, wewe uliye bondeni!"

"Kweli, yataanza kwangu. Lakini mtaro tunaweza kuuanza wenyewe kwa majembe. Nani hapa anaweza kuchimba maktaba kwa jembe?"

Watu walicheka. Kisha mikono ikainuka, mmoja mmoja, mpaka ikawa mingi. Maktaba ikabaki. Jumamosi wakaanza kuchimba mtaro, mkutubi naye akiwa na koleo. Walichimba, wakachoka, wakautazama: ulikuwa bado mfupi. Halmashauri iliahidi kuumalizia mwaka unaofuata.

Jioni moja mvua ilinyesha. Mke wa fundi alikuwa ameazima kitabu cha hadithi. Alisoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Fundi alilala chali, amefumba macho. Hadithi ilikuwa ya mbali, na mvua ilikuwa ya karibu.

"Mbona kimya? Umelala?"

"Hapana. Nasikiliza."

"Hadithi?"

"Pumzi zako," fundi alisema. "Endelea."

Mkewe akacheka, akafungua ukurasa mwingine.