Chupa Ndani ya Sanduku la Damu

Kila asubuhi Mama Kengele aliizunguka baiskeli yake mara tatu kabla ya kuondoka. Aligusa breki. Aligusa kamba za karia ya mizigo. Mwisho aligusa ile kengele kubwa iliyompa jina mtaani. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata chai aliinywa amesimama.

Kazi yake ilikuwa kupeleka damu. Wagonjwa walitolewa damu kwenye zahanati ya mtaa. Damu ilitiwa kwenye vichupa vidogo, na vichupa vikapangwa ndani ya sanduku la baridi. Mama Kengele alilifunga sanduku kwenye karia, akalipeleka maabara ya hospitali. Ilikuwa safari ya saa mbili kwenye jua na changarawe. Maabara ilipokea damu mpaka saa sita mchana. Damu iliyochelewa au kupata joto haikupimwa.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Alikuwa mume mwema, mwenye jibu hata kwa swali ambalo hajaulizwa. Mkewe alipopata kazi hii, alimnunulia vitu viwili: kishikilia chupa cha kufunga kwenye baiskeli, na pampu ndogo ya mkono. Vyote vyekundu.

"Vinafanana na baiskeli," alisema, akarudi nyuma hatua mbili kuvitazama, kama anavyotazama ukuta aliomaliza kupaka.

Siku ya kwanza tu, chupa ilichomoka kwenye kishikilia ikaviringika mtaroni.

"Basi iweke sandukuni," mumewe alisema. "Utakunywa maji baridi kama tajiri."

Mama Kengele akafanya hivyo. Pampu nayo ilikaa mfukoni, haijajaribiwa hata mara moja.

Jumanne moja, katikati ya safari, gurudumu la nyuma lilianza kulegea. Alishuka mbio. Alibana mdomo wa pampu kwenye valvu, pale upepo unapoingilia, akasukuma. Upepo haukuingia. Uliokuwemo nao ukatoka. Alijaribu tena, na tena, mpaka gurudumu likalala chapati.

Akaanza kuikokota baiskeli. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa na kiu. Alifungua sanduku akanywa. Akatembea kidogo, akafungua tena. Alilifungua mara tano kabla ya kufika, na alipofika saa sita ilikuwa imepita.

Mpimaji wa maabara aliinua kifuniko. Akaona vichupa. Akaona na chupa ya maji.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ya kunywa? Pamoja na damu za watu?" Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Mama Kengele zaidi. "Dada yangu, kichupa kimoja kikivuja, utakunywa ugonjwa wa mtu. Na kila ukifungua sanduku, baridi inatoka. Shika hivi vichupa. Vina joto. Siwezi kuvipima."

Lakini mawazo ya Mama Kengele hayakukaa kwenye kugombezwa. Alikuwa anamfikiria mtoto mmoja, mjukuu wa mshona viatu. Mtoto huyo alikuwa na homa wiki ya pili, na muuguzi hakutaka kubahatisha dawa. Alipokuwa anatolewa damu, Mama Kengele ndiye aliyemshika mkono. Alimwambia, "Utachomwa mara hii tu. Nakuahidi."

Jumatano asubuhi mtoto aliambiwa arudi kesho achomwe tena. Hakulia. Alimtazama Mama Kengele, akaficha mkono nyuma ya mgongo. Mama Kengele alitamani ardhi ipasuke.

Mchana huohuo alikokota baiskeli mpaka kwa wifi yake. Huyu alikuwa dada mdogo wa mumewe, na alikuwa fundi baiskeli. Kwa nini hawakumuuliza tangu mwanzo? Kwa sababu mumewe hakutaka kufundishwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Leo mume naye alifuata nyuma.

Wifi aliiangalia pampu, akaangua kicheko.

"Wifi, nani kakuchagulia hii? Au nisiulize?"

"Usiulize," kaka yake alisema.

"Kaka, wewe unajua kuta. Tazama hapa. Baiskeli hii ina valvu nyembamba. Mdomo wa pampu yako ni wa valvu nene, kama ya gari. Havishikani. Kabla ya kununua pampu, angalia valvu yako kwanza."

"Mimi niliangalia rangi," kaka alikiri.

"Rangi haijazi tairi." Akachukua pampu nyingine, nyeusi, imechakaa kidogo. "Hii ina mpira mfupi hapa mdomoni. Ukisukuma, mkono unatikisika lakini valvu haitikisiki, kwa hiyo haikatiki. Mpini wake unajaa kiganjani. Sasa sukuma wewe mwenyewe, wifi. Usinunue maneno yangu tu."

Mama Kengele alisukuma. Gurudumu likakaza. Alibonyeza tairi kwa kidole gumba, halikubonyea.

"Lakini sikia," wifi aliendelea. "Pampu haizibi tundu. Inakupa muda tu. Tundu lenyewe naliziba sasa hivi, na utabeba viraka na gundi."

"Na maji?"

Wifi alikitikisa kile kishikilia chekundu. "Hiki ni kipana, na chupa yako ni nyembamba. Lazima iruke. Mtu hachagui kishikilia dukani kwa macho. Anakwenda na chupa yake." Akafunga kingine kwenye bomba la fremu. Baiskeli haikuwa na matundu ya skrubu, kwa hiyo alitumia vibano viwili na kipande cha tyubu kuukuu chini yake, visiteleze. Kisha akainua gurudumu la mbele na kuliangusha kwa nguvu, mara tatu. Chupa haikusogea.

"Panda. Piga pedali. Goti linagusa?"

"Haligusi."

"Chomoa chupa kwa mkono mmoja, macho mbele. Usiitazame."

Mama Kengele alichomoa, akairudisha. Alipokosa mdomo wa kishikilia mara ya kwanza, wifi alimwamuru arudie. Alirudia mara kumi uani, huku mumewe akimhesabia.

Alhamisi mtoto alichomwa tena. Safari hii Mama Kengele hakuahidi chochote. Alikaza kamba, akaondoka.

Njiani moyo haukumtulia. Kila jiwe alilisikia. Na kweli, baada ya daraja, gurudumu lilianza kulegea tena. Mwiba mdogo. Alitazama jua, akatazama sanduku. Akibandika kiraka, atachelewa. Akakumbuka: pampu inakupa muda. Alisukuma mpaka tairi likakaza, akapanda. Mbele kidogo alishuka akasukuma tena. Maji aliyanywa kutoka kwenye fremu. Sanduku hakuligusa.

Alifika saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Mpimaji aliinua kifuniko, akashika vichupa. Vilikuwa baridi.

"Leo hujaniletea maji," alisema, akavichukua vyote. Mama Kengele aliketi kivulini na kuziba tundu lake.

Ijumaa alirudi zahanati na bahasha ya majibu. Mjukuu wa mshona viatu alikuwa mlangoni na babu yake. Alipomwona tu, mkono ukaenda nyuma ya mgongo.

"Leo sichukui kitu," Mama Kengele alimwambia. "Leo naleta."

Muuguzi alifungua bahasha, akasoma. "Sasa tunajua dawa yake," alimwambia babu. "Ataanza leo."

Babu aliingia ndani kuchukua dawa. Mtoto alibaki nje, akiitazama baiskeli. Akaitazama chupa kwenye fremu, halafu sanduku lililofungwa.

"Nilikukosea," Mama Kengele alisema. "Nisamehe."

Mtoto alisogea karibu na baiskeli. Kisha akautoa mkono wake mgongoni, akaunyoosha, akapiga kengele.