Madoa na Chungu cha Bibi

Sogeeni karibu, niwasimulie. Ila msipige kelele. Kuku wa hadithi hii anasikia.

Chausiku alikaa na Bibi yake kule Muheza. Alikuwa amehamia juzijuzi tu. Nyuma ya nyumba palikuwa na mfenesi mkubwa. Mbele ya nyumba palikuwa na kuku mmoja tu.

Kuku huyo aliitwa Madoa. Chausiku alimpenda sana. Kila siku walikaa pamoja mlangoni. Chausiku alikula fenesi, kokwa akazitupa. Pu! Pu! Pu!

Asubuhi moja Bibi alisema, "Leo Mjomba Shekue anakuja kutoka Korogwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Chausiku akaacha kutafuna. Mgeni akija, kuku huchinjwa. Hilo hata mtoto mdogo analijua.

"Mwenyeji apone, sawa," aliwaza. "Na Madoa je?"

Akafumba jicho moja.
Akakodoa la pili.
"Mmh! Hapa pana jambo."

Bibi akachukua kisu. Akakinoa kwenye jiwe. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Bibi, kisu cha nini?"

"Cha kazi, mjukuu wangu."

Kazi gani? Bibi akaendelea kunoa.

Akafumba jicho moja.
Akakodoa la pili.
"Mmh! Hapa pana jambo."

Kisha Bibi akachukua chupa ya mafuta. Akajipaka mikononi. Akakipaka na kisu!

Chausiku hupakwa mafuta akienda shule. Sasa kisu nacho kinakwenda wapi?

Akafumba jicho moja.
Akakodoa la pili.
"Mmh! Hapa pana jambo."

"Chausiku!"

"Abee, Bibi!"

"Nenda kwa jirani yetu Mama Hiza. Mwambie naomba ndimu mbili."

Chausiku hakutaka kwenda. Nani atamlinda Madoa? Lakini mtoto akitumwa, huenda. Akaenda mbio, akarudi mbio, ndimu mkononi.

"Madoa! Ti-ti-ti-ti!"

Kimya.

"Madoa! Ti-ti-ti-ti!"

Kimya kabisa. Pale mlangoni palikuwa na unyoya mmoja. Unyoya wenye madoa.

Chausiku akachungulia jikoni. Chungu kilikuwa motoni. Kifuniko kilikuwa kinacheza. Toko-toko-toko! Harufu ya nazi ikamfika puani. Ilinukia vizuri mno, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Bibi, Madoa yuko wapi?"

"Yupo," alisema Bibi, akipuliza moto. "Leo kanichosha huyo!"

Yupo? Yupo wapi? Yupo chunguni?

Chausiku alitaka kuuliza tena. Mara, "Hodi! Hodi wenyewe!" Mjomba Shekue huyo, na njaa yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

Chausiku akageuka, akakitazama chungu.

Mkeka ukatandikwa. Mikono ikanawiwa. Chungu kikaletwa. Bibi akanyoosha mkono akifunue.

"Msile!" Chausiku alipiga kelele. "Msimle Madoa wangu!" Machozi yakamtoka, tii, tii, tii.

Bibi akashangaa. "Nani kasema tunamla Madoa? Hebu njoo uone."

Akafunua. Fuuu! Mvuke ukapanda.

Ndani hamkuwa na bawa. Hamkuwa na paja. Mlikuwa na vitu vidogo vya mviringo, vinaogelea kwenye tui zito la nazi.

"Hizi ni kokwa za fenesi," alisema Bibi. "Zile unazozitupa mlangoni. Mimi naziokota, naziosha, nazichemsha."

"Na kisu?"

"Nimepasulia fenesi."

"Na mafuta?"

"Fenesi lina utomvu. Usipojipaka mafuta, vidole vinagandana."

"Na Madoa?"

Bibi akacheka. Akaonyesha kwa kidole nyuma ya nyumba. Chini ya mfenesi palikuwa na tenga, limefunikwa. Ndani ya tenga mtu analalamika. Kwe-kwe-kwek!

"Kila nikimenya kokwa, yeye anadonoa! Nikamfunika. Akagoma, akaniachia unyoya."

Chausiku akatoka mbio. Akafunua tenga. Akamkumbatia Madoa mpaka kuku wa watu akakosa pumzi.

Wakarudi wote wawili mkekani. Chausiku akazitazama zile kokwa. Kokwa si taka? Taka zinaliwa?

Akafumba jicho moja.
Akakodoa la pili.
"Mmh! Hapa pana jambo."

"Jambo lipo," alisema Mjomba Shekue, akikunja mkono. "Msuli huu umetoka wapi? Nimekua kwa kula kokwa hizi!"

"Nyama ni ghali, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Kokwa ni za bure. Zinashibisha na zinatia nguvu."

Chausiku bado hakuamini. Akachukua kokwa moja, akamwekea Madoa. Donk! Ikaisha. Akamwekea nyingine. Donk! Ikaisha nayo.

Madoa hakufumba jicho hata kidogo.

Basi Chausiku akang'ata, kidogo tu. Ilikuwa laini kama kiazi. Ilikuwa na utamu wa nazi na uchachu wa ndimu.

Akatafuna. Akameza.

"Bibi," alisema, "naomba nyingine."

Akala nyingine. Na nyingine. Mjomba Shekue akavuta sahani yake karibu, maana hali ilianza kuwa mbaya.

Jioni ikafika. Mjomba alikuwa anakoroma. Madoa alikuwa tengani. Chausiku alikuwa kitandani, amejifunika kanga mpaka kichwani.

Bibi akaenda kufunika chungu. Akachungulia ndani. Akachungulia tena.

"Nilibakiza kokwa za asubuhi," alisema. "Mbona zimepungua?"

"Labda Madoa," sauti ikatoka ndani ya kanga. Sauti ya mtu mwenye mdomo uliojaa.

Bibi akalitazama tenga. Lilikuwa limefunikwa vizuri. Akaitazama kanga. Ilikuwa inatafuna.

Akafumba jicho moja.
Akakodoa la pili.
"Mmh!" alisema Bibi. "Hapa pana jambo."