Masikio ya Fundi Stipe

Kila asubuhi Jelka alimwamsha baba yake kwa mguu. Aliupiga sakafuni karibu na kitanda mpaka mbao zikatetemeka, maana kumwita Stipe Vukasović kwa jina akiwa usingizini ilikuwa sawa na kuuita mlima. Tangu ujana wake Stipe alikuwa akiingia ndani ya matangi ya injini za mvuke kugonga misumari ya ribiti, na nyundo zilikuwa zimeyala masikio yake. Mafundi wote wa matangi katika mji wa reli wa Tamarack walikuwa hivyo. Karakanani walizungumza kwa mikono, hata namba walikuwa nazo za vidole, na watoto wao walizijua kabla ya kujua kusoma.

"Ukiwa na siri, usimwambie fundi wa matangi," jirani yao Mama Luce alipenda kusema, huku akijimiminia kahawa ya watu. "Atakuuliza 'Umesemaje?' mpaka mtaa mzima usikie!"

Majira yale ya baridi utani huo haukumchekesha mtu. Nyaya za umeme wa kuendeshea treni zilitoka milimani zikaishia Tamarack. Hapo ndipo treni zilipobadilishiwa injini, zikavutwa na zile za mvuke kuelekea mashariki. Sasa huko mashariki zilikuwa zimeletwa injini za dizeli. Injini za mvuke zilipangwa nyuma ya karakana, theluji ikizifunika mpaka madirishani, zikingoja kukatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Karakana ingefungwa. Mafundi wachache tu wangehamishiwa kikosi cha kutengeneza nyaya, na sharti lilikuwa masikio mazima.

"Basi tumekwisha," alisema Mande, mama yake Jelka.

"Daktari anapimaje?" Jelka aliuliza.

Mama Luce alijua. Habari za Tamarack zililala kwake kabla ya kuwafikia wenyewe. "Anasimama nyuma yako, ananong'ona namba, wewe unazirudia. Mume wangu kapimwa jana. Kila namba kaitikia 'Amina'. Basi kafukuzwa!"

"Na mbele ya anayepimwa kuna nini?"

"Dirisha."

Wanawake wale wawili walitazamana. Hakuna aliyemkanya mtoto.

Kesho yake Jelka alisimama nje ya behewa la daktari, koleo mkononi, kama anayezoa theluji. Dirisha liliachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto la jiko. Daktari alinong'ona, Jelka akaonyesha namba kwa vidole kifuani, baba akaitamka. Hakukosea hata namba moja.

"Una masikio ya sungura, bwana!" daktari alisema.

Baba hakuisikia sifa hiyo. Alitabasamu tu.

Jioni hiyo nyumba ilifurika. Walikuja waliopata kazi na waliokosa, wakala soseji na kabeji chachu, na mume wa Mama Luce akaimba peke yake pembeni, nje ya wimbo wa wenzake. Jelka alijiona shujaa.

Siku chache baadaye alimpelekea baba chakula cha mchana kwenye reli. Kikosi kilikuwa juu ya ngazi, waya ukiwa umezimwa umeme. Treni ilikuwa inakaribia. Msimamizi, Bwana Halvorsen, akapaza sauti:

"Shukeni! Umeme unarudi!"

Wote wakashuka. Bwana Halvorsen akageuka kuwapungia bendera watu wa nyumba ya swichi wawashe umeme, kama ilivyokuwa desturi. Baba alibaki juu, amewapa mgongo, ananyoosha mkono kuelekea kwenye waya.

"Bado! Bado!" Jelka alipiga kelele, na bila kufikiri akaurusha mkebe wa chakula kwa nguvu zake zote. Ukampata baba begani. Akageuka, akamwona binti yake akipunga mikono kama mwendawazimu, akateremka mbio. Mguu wake ulikuwa bado haujatulia ardhini waya ulipoanza kuvuma.

Bwana Halvorsen alikuwa amepauka. "Stipe! Ulilala huko juu? Hukunisikia?"

Baba alimsoma midomo, akacheka. "Nilikuwa namalizia boliti moja, bosi."

"Siku nyingine boliti itakumaliza wewe!"

Wenzake wakacheka, wakaanza kuokota vifaa. Mambo yangeishia hapo. Jelka aliutazama ule waya, kisha akamtazama baba yake, ambaye kesho angepanda tena.

"Hakusikia, Bwana Halvorsen," alisema. "Hasikii kabisa. Kwa daktari, mimi ndiye niliyemwonyesha namba."

Baba hakusikia neno, lakini aliyaona yote kwenye midomo ya binti yake. Akavua glavu taratibu, akaziweka juu ya reli.

"Nenda nyumbani, Stipe," Bwana Halvorsen alisema, akihakikisha mdomo wake unaonekana. "Siwezi kukuzika ili watoto wako wapate kula."

Walipofika nyumbani, habari ilikuwa imewatangulia, pamoja na Mama Luce. "Mtoto wa kuzaa mwenyewe! Kumpokonya baba yake mkate mdomoni!" Mande alikuwa analia. Jelka alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Mwacheni!" baba alinguruma, hata wapita njia wakasimama. "Kosa ni langu mimi mtu mzima. Nilijua sisikii, nikaazima masikio ya mtoto. Uongo ule ulinipandisha juu ya ngazi ukaniacha huko. Ukweli wa leo umetunyima mshahara, sikatai, na hakuna injini ya mvuke itakayofufuka kwa sababu yake. Lakini Jelka, nisikilize. Ukiona uongo wako unamweka mtu hatarini, sema, hata kama utalala njaa."

Mama alifuta macho kwa aproni. "Na kesho tutakula nini, Stipe?"

Baba alimsoma midomo.

"Sijui, Mande," alisema. "Niulize tena kesho. Nitakuwepo."