Maji ya Kunawa

Nyumbani kwa Lydia, mtaa wa Nkuhungu, mgeni hali kabla ya kunawishwa. Mtoto hupiga goti, beseni mkono huu, jagi mkono ule. Kazi hiyo ilikuwa ya Anjelina, bintiye wa miaka kumi. Na kila Jumapili alimwaga.

Jumapili moja alimlowesha mjomba Castory suruali nzima.

"Huyu ataolewa na nani?" mjomba akauliza. "Labda samaki!"

Wageni wakaangua kicheko. Lydia akamzaba mtoto kofi mbele yao.

"Mvivu wewe! Hata vifungo vya shati vinakushinda!"

"Nilishika vizuri, mama. Mikono ndiyo haikusikia."

Jirani yao Priska, anayewafanyisha watoto mazoezi ya tiba hospitalini, hakucheka. Alimfuata Lydia jikoni.

"Mama Anjelina, mwandiko wake ukoje?"

"Kama kuku kapita."

"Kuruka kamba?"

"Anaanguka."

"Mlete apimwe. Huenda ni dispraksia. Mtoto anajua anachotaka kufanya, lakini ubongo unapata shida kuupangia mwili hatua zake. Si uvivu. Si ujinga."

"Mimi nimemchapa miaka minne, Priska."

"Basi umemfundisha woga."

Hospitalini walimpima, wakathibitisha. Dawa ya kumeza hakuna. Priska aliwaonyesha njia: kazi igawanywe vipande, mtoto ajifunze kimoja kimoja, kidogo kila siku, bila kelele. Beseni likawekwa juu ya stuli. Jagi likajazwa nusu, likashikwa kwa mikono miwili. Lydia alimnunulia viatu visivyo na kamba. Akaenda shuleni kumwomba mwalimu ampe binti muda zaidi wa kuandika.

Miezi mitano baadaye, sikukuu ya Pasaka, Castory alikuja tena. Anjelina akamnawisha. Halikudondoka hata tone.

"Aisee, mjomba! Leo suruali imepona!" Castory akamtania.

Anjelina akatabasamu. Akamnawisha Priska, akawanawisha wageni wote. Mama yake alikuwa wa mwisho.

Lydia akanyoosha mikono. Jagi likaanza kutetemeka. Maji yakamwagika miguuni pake. Anjelina akafumba macho, akainamisha kichwa, akangoja.

Kwa wageni wote hakumwaga; kwa mama yake tu. Lydia akaelewa. Hii haikuwa dispraksia. Woga huu alimfundisha yeye, kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna hospitali ya kumpeleka.

"Endelea, mwanangu," akasema taratibu, mikono yake ikiwa palepale. "Nakungoja."