Kitufe Alichobonyeza Jenifa

Kila jioni baada ya vipindi, Jenifa alifagia chumba cha kompyuta, akapangusa vumbi mezani, kisha akawasha kompyuta ya klabu. Alikuwa Kidato cha Kwanza katika shule moja ya Ihanja, na Mwalimu Editha alikuwa amemchagua kuitunza kompyuta hiyo.

Wanaklabu walikuwa wametengeneza programu ya visima. Waliuliza vijijini mwao ni pampu ipi inatoa maji na ipi imekufa, wakaingiza majibu kwenye kompyuta. Watu walipiga simu shuleni kabla ya kusukuma baiskeli zenye madumu hadi kisima cha mbali. Ijumaa wageni kutoka wilayani wangekuja kuiona.

Programu hiyo ilikaa ndani ya kontena. "Kontena ni kama kasha," Mwalimu Editha aliwaeleza. "Tunafungia humo programu yetu pamoja na kila inachohitaji. Hata tukiihamishia kwenye kompyuta ya wageni, itafanya kazi vilevile. Hasara yake ni kwamba makontena yanakula nguvu nyingi, na kompyuta yetu ni dhaifu."

Jumatano jioni, Jenifa alitaka kumalizia picha za kuwaonyesha wageni. Kila alipobonyeza, kompyuta iliganda. Alisubiri, akachoka, akakasirika. Mwishowe alifungua sehemu ya makontena, akaona kitufe cha kuyafuta yote.

"Nikiipunguzia mzigo itakwenda haraka," alijiambia, akikumbuka tu kwamba makontena yanakula nguvu, akabonyeza.

Kompyuta ikawa nyepesi kweli. Lakini alipofungua ukurasa wa visima, kioo kilikuwa cheupe. Alijaribu tena. Cheupe. Alizima kompyuta, akafunga mlango, akaenda nyumbani bila kumwambia mtu.

Asubuhi Mwalimu Editha aliwaita wanaklabu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Programu ya visima haifunguki. Nani aliigusa kompyuta?"

Theresia, mmoja wao, akasema, "Mwalimu, jana mchana Peniel alijikwaa kwenye waya, ikazimika ghafla."

"Lakini niliiwasha, ikafanya kazi!" Peniel alijitetea. "Kweli, mwalimu!"

"Peniel, kaa nje kwanza mpaka tujue kilichotokea."

Jenifa alitazama sakafu.

Saa nne alifika fundi Idrissa kutoka mjini. Aliichunguza kompyuta, akatikisa kichwa.

"Kuzimika ghafla kumeharibu mafaili, mwalimu. Tufute kila kitu tuanze upya. Bila hivyo kesho hamtakuwa na kompyuta."

"Na taarifa zote za visima?"

"Hizo zihesabu zimepotea."

"Basi, endelea."

Jenifa alitoka nje, akamkuta Peniel amekaa kwenye ngazi, macho mekundu.

"Baba akisikia nimeharibu kitu cha shule, atasema nirudi kuchunga ng'ombe," Peniel alisema. "Na mimi sikufanya kitu, Jenifa."

Jenifa hakuweza kuvumilia zaidi. Aligeuka, akakimbilia ndani. Fundi alikuwa ameshachomeka flashi yake.

"Shikamoo fundi! Tafadhali usifute! Ni mimi!" Machozi yalikuwa yakimtoka. "Siyo Peniel, mwalimu. Mimi ndiye niliyefuta makontena ili kompyuta iende haraka."

Mwalimu Editha alimkazia macho. "Ulifuta makontena tu? Sehemu ya chini yake, penye taarifa, uliigusa?"

"Hapana, mwalimu. Hata sikujua kama ipo."

"Fundi, acha hapo hapo!" Mwalimu alivuta kiti. "Taarifa tuliziweka nje ya kontena. Kontena lenyewe linatengenezwa upya kwa maelekezo tuliyoyahifadhi."

Alitumia intaneti ya simu yake kupakua vilivyohitajika. Mtandao ulisuasua. Mara mbili ulikatika, wakaanza tena. Mchana ukurasa ulifunguka, na majina ya visima yakajipanga moja baada ya jingine.

Fundi Idrissa alichomoa flashi yake. "Ningefuta, yote yangekwenda."

Jenifa alimwomba Peniel msamaha mbele ya klabu nzima. Peniel akasema, "Nimekusamehe. Ila uliniumiza." Kesho yake yeye ndiye aliyewaonyesha wageni programu, nao wakaomba ipelekwe kwenye kata nyingine pia. Jenifa alikaa nyuma, kwa kuwa alikatazwa kuigusa kompyuta mpaka ajifunze makontena vizuri.

Wageni walipoondoka, Mwalimu Editha alimwita.

"Kontena likifutwa tunalitengeneza tena, ndiyo faida yake," alisema. "Lakini ulipoficha kosa lako, fundi alikuwa anatibu ugonjwa ambao haupo, na mwenzako aliadhibiwa bure. Kabla ya kutumia chombo chochote, jua kinavyosaidia na kinavyoweza kuleta hasara. Na ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."