Ukwato wa Nne

Jua lilikuwa linaaga pale mwanamke mmoja aliposimama mlangoni mwa karakana, kamba mkononi, farasi mweusi nyuma yake.

Binti alikuwa peke yake. Fundi aliyekuwa akimfunza kuwavisha farasi viatu vya chuma alikuwa ametoka kutafuta makaa, na amechelewa, kama kawaida yake. Kesho ilikuwa siku ya mtihani: avishe farasi mzima, kwato zote nne, bila kusaidiwa. Akishindwa, arudi kwa mama yake mjane na asahau habari za ufundi.

"Fundi wako ananijua," mwanamke alinong'ona. "Kasema utanimalizia kazi."

Binti akavimba kichwa. Fundi kamsifu? Yule yule asiyesifu hata chai?

Kuna jambo moja Fundi hakuwahi kuliruka. Kabla ya kuinua mguu wa farasi, huuliza jina lake, kisha humwita kwa jina hilo sikioni ili atulie.

"Anaitwa nani?" binti aliuliza.

"Hana haja ya jina."

Basi akaliruka.

Binti alikulia zizini. Baba yake, aliyezikwa mwaka jana, alikuwa mtunza farasi, na alimfundisha kushika ukwato kabla hajajua kusoma. Kila alipoinama vibaya, mzee alimvuta ncha ya kilemba mara mbili. Mgongo, mwanangu! Unataka uzeeke kabla yangu?

Akaukamata mguu wa kwanza. Ulikuwa wa baridi, baridi ya mtungi. Akabandika chuma cha moto kwenye ukwato, moshi ukapanda. Harufu ya ukwato unaoungua aliijua tangu utotoni.

Hii haikuwa hiyo.

Hii ilikuwa ya nywele... nywele za mtu.

Makaa mabaya, alijiambia. Akagonga misumari, akahamia mguu wa pili. Farasi hakukoroma, hakutingisha hata mkia. Kwenye wa tatu jasho lilikuwa linamtiririka na kiuno kinamuuma. Akapiga msumari wa mwisho.

Kilemba kikavutwa.

Mara moja.

Mara mbili.

"Acha utundu, wewe!" alicheka. Kisha akajitazama. Mgongo wake ulikuwa umepinda.

Akanyooka taratibu, akamtazama farasi usoni. Machozi yalikuwa yanamdondoka yule mnyama mpaka puani.

"Baba...?"

Farasi akamlazia paji la uso kifuani.

"Malizia," mwanamke alinong'ona. "Kimebaki kimoja tu."

Binti akakitupa kiatu cha nne kwenye pipa la maji. Kikachachatika. "Sivishi! Niachie baba yangu!" Akaing'ang'ania kamba kwa mikono yote miwili, lakini ilimponyoka na kumchuna viganja. Mwanamke hakukasirika hata kidogo. Alitoka na mali yake, polepole, gizani.

Ko. Ko. Ko...

Mguu wa nne haukulia.

Fundi alirudi mikono mitupu, hakuna makaa wala nini. Alimsikiliza binti mpaka mwisho bila kushtuka.

"Wanasema msukule, mfu anayetumikishwa na mchawi, akivishwa miguu yote, basi, harudi tena kwa watu wake," alisema. "Ukibaki mmoja, huenda akarudi."

"Wanasema kina nani?"

Fundi akainamia moto, akavukuta.

Mtihani aliufaulu. Kiatu cha nne alikitundika ukutani, juu ya fuawe, na hakuruhusu mtu akiguse. Kila magharibi alisimama mlangoni akisikiliza barabarani. Ko, ko, ko... kisha lile pengo. Alilipenda pengo lile kuliko kitu chochote duniani. "Nipo, baba," alinong'ona. "Nakusubiri."

Jana jioni Fundi alimtuma misumari, mbali, kwenye duka ambako hajawahi kumtuma. Aliporudi, ukutani palikuwa patupu. Moto ulikuwa bado unawaka. Fundi alikuwa ameinama kwenye pipa, akinawa mikono, akinawa tena, na karakana nzima ilinuka nywele za mtu.

"Funga mlango, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Kuna baridi."

Binti hakufunga. Barabarani kitu kilikuwa kinapita, bila haraka.

Ko. Ko. Ko.

Ko.